Gitaa la Debe Liache Kuvuma: Somo la Kuhami na Kutuliza Pikapu ya Piezo

SOMO LA VIKUNDI VYA VIJANA NA KWAYA



Leo tunaingia karakana. Somo letu ni kwa kijana yule aliyetengeneza gitaa lake kwa mkono, kwa debe, mti na nyaya za breki ya baiskeli, na sasa anataka lisikike mpaka kwa kina mama walioketi nyuma. Ni somo la sauti nzuri, lakini pia ni somo la usalama. Tafadhali usiliruke hata kama wewe si mwanamuziki, kwa maana huenda wewe ndiwe mwenye ufunguo wa ukumbi na mwenye kuchomeka plagi.

Tuanze na kisa. Kijana mmoja wa kwaya alitengeneza gitaa safi kwa debe la mafuta ya kupikia. Nyumbani lililia vizuri sana. Ukumbini, hapana. Ninyi mnaokaa Garissa mnajua, bila feni ibada haikaliki, na feni zikizunguka gitaa la debe halisikiki. Basi akatafuta kile kisahani kidogo cha saa ya kengele, akakigandisha ndani ya debe, akavuta nyaya mbili nyembamba mpaka kwenye amplifaya. Alipochomeka tu, spika ikaanza: mmmmmm! Kama lori la ng'ombe linalopanda kutoka mtoni Tana.

Akajaza sponji ya godoro ndani ya debe. Mvumo uko pale pale. Mwenzake akamwambia, "Wewe fungua plagi, toa ule waya wa kijani na manjano, mvumo utaisha." Wakautoa. Na kweli, mvumo ukapungua! Wakafurahi. Jioni ya mazoezi kijana akashika gitaa lake, akasogeza mdomo kwenye maikrofoni aanzishe wimbo, na stima ikampiga ikamtupa chini. Amplifaya ilikuwa ya zamani, umeme unavuja ndani kwa ndani, na njia ya kuutoa ilikuwa imekatwa na mikono yao wenyewe. Alipona kwa neema ya Mungu.

Ndugu zangu, vijana hawa hawakuwa wavivu wala wajinga. Kosa lao lilikuwa moja: walitibu ugonjwa bila kuupima. Sponji si dawa ya stima, na kukata waya wa ethi si dawa ya kitu chochote. Shika neno hili, maana ndilo somo lote: pikapu ya piezo husikia kila kitu, kazi ya fundi ni kuiziba masikio kwa yale yasiyotakiwa, na kila adui ana kizibo chake.

PIKAPU NI NINI?

Hapa hatusemi ile gari ya kubeba mizigo. Pikapu ya gitaa ni kifaa kinachopokea mtetemo wa chombo na kuugeuza kuwa umeme mdogo, ambao amplifaya huukuza.

Ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya sumaku na koili. Hiyo husikia uzi wa chuma tu. Ukiweka mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, ni kimya. Ya pili ni ya piezo. Hiyo haijali uzi ni wa chuma, nailoni au utumbo wa mnyama, kwa sababu yenyewe husikia mtetemo wa mti au bati iliyogandishwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1880, kule Ufaransa, ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, walionyesha kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa umeme. Leo kazi hiyo inafanywa na kauri ya kiwandani. Kiberiti cha gesi cha kubonyeza, kile kinachotoa cheche bila betri, kinatumia njia hiyo hiyo.

Kisahani cha piezo utakipata ndani ya saa ya kengele, kadi za Krismasi zinazoimba, vidude vya watoto vinavyolia, au kwa fundi wa redio. Kitazame vizuri. Kina bati la duara la shaba ya manjano, mara nyingi upana wake milimita 27. Juu yake kuna duara dogo zaidi la kauri nyeupe, karibu milimita 20, lililopakwa rangi ya fedha. Waya mmoja unatoka kwenye shaba, mwingine kwenye kauri. Kumbuka pande hizo mbili: shaba ndiyo upande wa ethi, kauri ndiyo upande wa sauti.

Tahadhari: kauri hiyo kwa kawaida ina madini ya risasi. Usiisugue kwa tupa wala msasa, usiivunje, na watoto wasiitie mdomoni. Baada ya kazi nawa mikono.

MAGONJWA MAWILI, VIPIMO VITATU

Kabla ya kununua kitu chochote, pima kwanza.

Kipimo cha kwanza. Chomeka gitaa, lilaze mezani, usiguse kitu. Je, kuna mvumo wa mfululizo? Sasa sogeza mkono karibu na pikapu na waya wake bila kugusa. Mvumo unabadilika? Sogeza gitaa mbali na feni, taa ya tyubu, au inveta ya sola. Unapungua? Basi huu ni ugonjwa wa stima. Stima ya Kenya hugeuka mara 50 kwa sekunde, na waya mtupu wa pikapu huidaka kama vile ariali inavyodaka redio. Dawa yake ni kuhami na kukinga.

Kipimo cha pili. Gonga debe polepole kwa ukucha, kisha tikisa waya. Spika inatoa vishindo kama mtu anayebisha mlango? Huu ni ugonjwa wa mtetemo. Dawa yake ni kutuliza.

Kipimo cha tatu. Ongeza sauti kidogo kidogo. Je, mluzi unaanza na kukua wenyewe, na ukigeuza gitaa lisitazame spika unakoma? Sauti ya spika inarudi ndani ya debe, debe linatikisika, pikapu inasikia, spika inaongeza, na mzunguko hauishi. Huu pia ni ugonjwa wa mtetemo.

Basi ukikuta mvumo, usikimbilie sponji. Ukikuta mluzi, usikimbilie karatasi ya alumini. Andika majibu ya vipimo vyako kwenye daftari kabla ya kufungua chochote.

VIFAA

- Kisahani cha piezo, milimita 27, ikiwezekana chenye nyaya tayari.
- Waya wa maikrofoni, ule wenye uzi mmoja katikati na wavu wa nyuzi za shaba kuuzunguka. Waya wa ariali ya televisheni utafanya kazi, lakini ni mgumu, na kila ukiutikisa unapeleka kishindo kwenye pikapu.
- Jeki ya gitaa ya inchi robo.
- Tepu ya umeme.
- Karatasi ya alumini ya kufungia chakula.
- Gundi ngumu ya kuchanganya tyubu mbili, kama Araldite.
- Nta ya nyuki, au silikoni ya kuzibia madirisha.
- Kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli na sponji.
- Mita ya fundi wa stima, ya kuazima.
- Chuma cha kulehemu na risasi yake.

SEHEMU YA KWANZA: KUHAMI NA KUKINGA

Kuhami ni kuweka kitu ambacho umeme haupiti, kama tepu. Kukinga ni kuweka ngao ya chuma inayodaka stima ya nje na kuipeleka kwenye ethi kabla haijafika kwenye sauti. Ni kazi mbili zinazokwenda pamoja, na mpangilio wake ni huu: tepu, kisha alumini, kisha tepu tena. Ukikosea mpangilio, gitaa litakuwa bubu.

Hatua ya 1. Lehemu uzi wa katikati wa waya kwenye kauri, na wavu kwenye shaba. Fanya haraka, sekunde 2 au 3, uondoe chuma. Moto ukikaa muda mrefu, rangi ya fedha inabanduka na kauri inapoteza nguvu mahali pale. Kama kisahani kina nyaya zake tayari, usiguse kauri kabisa. Unganisha kwenye nyaya hizo na uzikate ziwe fupi. Kila sentimita ya waya mtupu ni ariali.

Hatua ya 2. Kata duara la tepu lenye upana wa milimita 24 hivi. Lipachike juu ya kauri, lifunike kauri yote, tone la risasi, na uzi wa sauti uliovuliwa. Libaki ukingo mwembamba wa shaba ukionekana. Bonyeza kwa kidole mpaka hakuna hewa.

Hatua ya 3. Kata duara la alumini kubwa kidogo kuliko kisahani. Lifunike juu ya tepu, ukunje ukingo wake uguse shaba. Alumini haishiki risasi ya kawaida, kwa hiyo usihangaike kuilehemu. Chukua nyuzi chache za ule wavu, zitandaze juu ya alumini, zibane kwa tepu. Sasa shaba iko chini, alumini iko juu, zote ziko kwenye ethi, na kauri iko katikati kama maandazi ndani ya karatasi.

Hatua ya 4. Funika juu kwa tepu tena ili alumini isiguse kitu kingine ndani ya gitaa. Upande wa chini wa shaba uache wazi. Huo ndio utakaogandishwa.

Hatua ya 5. Pima. Weka mita kwenye kipimo cha omu, ncha moja kwenye uzi wa sauti, nyingine kwenye wavu. Mita ikilia au ikionyesha sifuri, alumini imegusa kauri. Fungua urudie hatua ya 2. Isipolia, weka ncha moja kwenye alumini au ukingo wa shaba na nyingine kwenye wavu. Hapo sasa lazima ilie. Usigandishe kitu kabla ya vipimo hivi viwili kukubali.

Mtu atauliza, "Lakini debe lenyewe si chuma? Kwa nini lisiwe ngao?" Swali zuri. Lingeweza, na wengine hufanya hivyo. Lakini debe unalikumbatia wewe. Ukiliunganisha na wavu wa waya, mwili wako umeungana na chasisi ya amplifaya. Siku amplifaya ikiharibika, wewe ndiwe waya. Ndiyo sababu tunajenga ngao ndogo juu ya pikapu peke yake, na debe pamoja na nyuzi za chuma tunaviacha bila kuunganishwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, jeki usiitoboze kwenye bati la debe. Ukiibana kwenye bati, debe lote limeingia kwenye wavu bila wewe kujua, kama lile la yule kijana wetu. Ibane kwenye kipande cha mti au plastiki, kisha hakikisha kwa mita kwamba jeki na debe havijuani.

SEHEMU YA PILI: KUTULIZA MTETEMO

Hapa kuna msemo wa kukariri: uso kwenye kigumu, mgongo kwenye laini.

Uso wa shaba ugande kwenye mti kwa gundi ngumu na nyembamba, bila nafasi. Ukitumia ule utepe mnene wa sponji wa kubandika pande mbili, sauti zile kali za juu zinapotelea ndani ya sponji na gitaa linasikika kama liko chini ya blanketi. Mgongo nao, ule wenye tepu, ufunike kwa kitu laini na kizito kidogo. Kisahani kikiachwa kitupu mgongoni hutikisika chenyewe kama kengele, na ndipo unapata ile sauti kali ya bati inayochoma masikio.

Hatua ya 6. Chagua mahali. Usigandishe kwenye bati jembamba la debe, kwa sababu mbili: bati linalia lenyewe kama sufuria, na shaba ikigusa bati, debe limeungana na waya. Gandisha kwenye ule mti unaopita ndani ya debe, au kwenye kipande cha mti chini ya daraja linalobeba nyuzi. Kabla ya gundi, shikilia kwa nta na ujaribu sehemu tatu nne. Sentimita 2 tu zaweza kubadilisha sauti yote.

Hatua ya 7. Paka gundi kidogo, bandika, weka uzito mwepesi juu, uache usiku kucha. Usikaze kwa jiliwa. Kauri huvunjika kama sahani.

Hatua ya 8. Funika mgongo kwa silikoni au nta, unene wa milimita 3 hivi. Anza na kidogo, usikilize, kisha ongeza. Dawa ikizidi ni sumu: ukituliza kupita kiasi gitaa linakufa, na utalazimika kuongeza sauti ya amplifaya mpaka mluzi urudi.

Hatua ya 9. Tuliza debe. Bandika vipande viwili vitatu vya tyubu ya baiskeli ndani ya kuta zake. Weka sponji kidogo nyuma, isiguse nyuzi wala daraja. Mluzi ukiendelea, funika tundu la sauti kwa kipande cha mpira wakati wa kupiga ukumbini, ukitoe nyumbani.

Hatua ya 10. Tuliza waya. Kati ya pikapu na jeki acha waya ulegee kidogo, halafu ufunge kwenye mti kwa uzi. Mtu akikanyaga waya huko nje, kishindo kitaishia kwenye fundo, kisifike kwenye kauri.

Na kama chombo si chako, usitumie gundi. Majirani zetu Wasomali wana kaban, ambayo ni udi wenye tumbo la mviringo, chombo cha heshima. Mzee akikuomba umwekee pikapu, mwambie, "Mzee, nitakuwekea kwa nta, ukitaka kuitoa itatoka bila kovu." Piezo inafaa sana hapo, kwa sababu nyuzi zake nyembamba kwa kawaida ni za nailoni na pikapu ya sumaku haizisikii.

JOTO NA VUMBI LA KWETU

Vitabu vingi vya ufundi huandikwa kwenye nchi za baridi. Huku kwetu, ambako digrii 35 ni jambo la kawaida, kumbuka haya.

Gundi ya tepu ya umeme hulainika kwenye joto, na tepu huteleza. Ndiyo sababu tunaishikilia kwa silikoni juu yake. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye digrii 62 hadi 64. Kivulini haina shida, lakini dashibodi ya gari lililofungwa juani inaweza kukaribia joto hilo. Gitaa lenye nta lisafiri ndani ya kitambaa, chini ya kiti, si juu ya dashibodi. Ile gundi ya vijiti vya kuyeyusha usiitegemee kabisa kwa kugandisha uso wa pikapu.

Vumbi nalo huingia kwenye jeki, likaleta mikwaruzo kama redio isiyoshika stesheni. Ziba jeki kwa kitambaa safi gitaa likiwa limepumzika. Msimu wa mvua, unyevu ukikutana na vumbi lile, mvumo unaweza kurudi hata kwenye pikapu iliyofanya kazi vizuri. Kausha, futa, pima tena kabla ya kulaumu kazi yako.

CHOMEKA KWENYE TUNDU SAHIHI

Wengine humaliza kazi yote hii vizuri, kisha sauti inatoka nyembamba kama ya mbu. Ugonjwa hauko kwenye gitaa. Uko kwenye tundu.

Kisahani cha milimita 27 hufanya kazi kama kapasita ya nanofaradi 20 hivi. Ukikichomeka kwenye tundu lenye ukinzani wa omu 10,000, kama yalivyo mengi ya matundu ya kupokea muziki wa redio au kinanda, kila sauti iliyo chini ya mitetemo 800 kwa sekunde huanza kufifia. Sasa uzi mnene wa gitaa lililofungwa kawaida hutetemeka mara 82 tu kwa sekunde. Unaona? Besi yote imebaki mlangoni.

Ukitumia tundu lililoandikwa kwa gitaa, ambalo mara nyingi lina omu milioni 1, mpaka huo unashuka hadi mitetemo 8 kwa sekunde, chini ya kile ambacho sikio linaweza kusikia. Besi inarudi bila kununua kitu. Kama amplifaya yenu haina tundu la gitaa, mwombeni fundi awatafutie kikuza sauti kidogo cha betri ya volti 9 cha kuweka katikati.

USALAMA: USIRUKE HAPA

Sasa turudi kwa ule waya wa kijani na manjano. Kazi yake ni moja: umeme ukivuja ndani ya mashine, ushuke ardhini kupitia kwake, usishuke kupitia kwa mtu. Stima ya nyumba zetu ni volti 240, inaua. Haya mambo yamewakuta hata wakubwa. Mwaka 1972, kule Swansea, Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa kundi la Stone the Crows alikufa jukwaani alipogusa maikrofoni ambayo haikuwa na ethi sawasawa. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Kwa hiyo:

1. Usitoe waya wa ethi kamwe. Ukiutoa na mvumo ukapungua, hujapona. Umezima king'ora moto ukiwaka.
2. Ile tabia yetu ya kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie, tuiache. Tumieni adapta nzuri au mbadilishe plagi.
3. Amplifaya ikikumwaya hata kidogo, ile hisia ya kuchoma chonjo ukigusa bati lake, izime, ichomoe, ipeleke kwa fundi. Usiseme, "Ni kidogo tu."
4. Amplifaya na mashine ya maikrofoni vichomekwe mahali pamoja, kwenye ukuta mmoja wenye ethi. Hilo pia hupunguza mvumo, na ndilo walilohitaji vijana wetu.
5. Kama mnatumia jenereta au inveta ya sola, mwite fundi wa stima aangalie ethi yake kabla ya siku ya sherehe. Inveta za bei rahisi huongeza mlio wa nyuki kwenye spika; iwekeni mbali na gitaa.
6. Msichomeke chochote miguu ikiwa kwenye maji au sakafu ikiwa imetoka kupigwa deki.

Na tuseme wazi: tepu na ngao tulizojenga leo zinakinga sauti. Zinamkinga mpigaji kidogo, kwa kumtenga na chasisi. Haziponyi amplifaya mbovu. Asikudanganye mtu.

TUSIDHARAU MIKONO YETU

Kuna watakaosema gitaa la debe ni mchezo wa watoto. Tuwaambie juu ya Konono N°1 wa Kinshasa, kundi lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi. Walitaka likembe zao zisikike juu ya kelele za jiji, wakajitengenezea pikapu kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu. Albamu yao Congotronics ilitoka mwaka 2004 na ikawapeleka majukwaa ya ng'ambo. Likembe ina ulimi wa chuma, ndiyo sababu sumaku iliwafaa. Ule mkwaruzo wa vifaa vyao ukawa sehemu ya muziki wao.

Maana yake ni hii: si kila kelele ni adui. Ukishajua inatoka wapi, unaweza kuchagua kuiacha au kuiondoa. Anayejua kupima ndiye mwenye kuchagua. Asiyejua anakata nyaya.

Katika Maandiko, Daudi alimpigia Mfalme Sauli kinubi na roho ya mfalme ikatulia. Kinubi kile kilikuwa mti na nyuzi, kazi ya mikono. Yule kijana wa kisa chetu naye alirudi karakana. Alibadilisha jeki kuiweka kwenye mti, akajenga ngao, akagandisha kisahani chini ya daraja, na amplifaya ikapelekwa kwa fundi ikarudishiwa waya wake. Sasa anaanzisha nyimbo, na kina mama wa nyuma wanamsikia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Chombo chenu kinavuma, kinapiga mluzi, au vyote viwili? Fanyeni vipimo vitatu pamoja na mwandike majibu.
2. Kwa nini tepu inatangulia kabla ya alumini? Nini kitatokea mkigeuza?
3. Elezeni kwa maneno yenu: "Uso kwenye kigumu, mgongo kwenye laini."
4. Nani kwenye kikundi chenu ana wajibu wa kukagua plagi na ethi kabla ya kila ibada? Kama hayuko, mchagueni leo.
5. Ni vitu gani vya kutupwa hapa kwetu ambavyo mngeweza kutumia badala ya sponji, tyubu au silikoni? Jaribuni, mlinganishe sauti.

Kazi njema karakana, na Mungu awabariki.